Vidole Viwili vya Mwisho

Jumanne, 4 Machi

Ninaandika kwa mkono wa kushoto na mwandiko wangu ni wa mtoto wa chekechea, kwa hivyo atakayelicheka daftari hili alicheke akiwa mbali nami. Mitchel ndiye aliyenipa. "Mama Wendy, andika kila siku, hata mstari mmoja, mkono uzoee." Mkono wangu wa kulia umeishia kwenye kifundo. Kiganja kilimezwa na mashine ya kukamua miwa tarehe tisa Januari, kwenye kile kiwanda kidogo cha sukari guru nilikokuwa nikifanya kazi. Nilikuwa nasukuma miwa huku nawaza mambo yangu. Hospitalini walikata kilichosagika, na Willis, mulamwa wangu, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, akakipokea kwenye mfuko akaenda kukizika nyumbani Iguhu, kwa migomba. Mume wangu Cornelius tulikuwa tumemzika katikati ya Desemba. Boma moja, maziko mawili, hata mwezi haujaisha.

Sasa shida yangu ni kwamba mkono umezikwa na bado ninausikia. Umekunja ngumi. Kucha zinachoma kiganja mchana kutwa, na usiku ndiyo usiseme. Tangu Januari sijalala saa tatu mfululizo. Daktari amesema ngumi isipofunguka kufikia mwisho wa Mei atakata tena, juu zaidi, ajaribu kutuliza mishipa. Nikamuuliza, na isipotulia? Akaangalia karatasi zake.

Ndiyo maana nimeingia katika mradi wa Mitchel. Ni msichana wa Amalemba, mwembamba, anasomea mambo ya ubongo na ana chumba cha kazi mjini chenye kompyuta mbili na feni moja mbovu. Leo alinivalisha miwani mikubwa inayofunika uso wote, na mara nikaona chumba kingine, meza nyingine, na mikono miwili juu yake. Wa kulia ulikuwa na vidole vitano. Ulikuwa laini, kucha safi, mkono wa mtu asiyelijua jembe. Nikamwambia huu si wangu, huu ni wa karani. Akacheka, kisha akaanza kunipapasa kigutu kwa brashi ndogo, na mle ndani ya miwani nikawa naona brashi ikipapasa vidole.

"Macho yakiona na ngozi ikiguswa wakati mmoja," akasema, "ubongo hukubali mkono ule ni wako. Ukishakubali, tutaufungua polepole."

Tulikaa dakika ishirini. Sikusikia kitu isipokuwa njaa.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala.

Ijumaa, 7 Machi

Jua kali. Watu wamelima wanangoja mvua. Mimi nimelimiwa na Willis, nashukuru, ingawa mistari yake imepinda. Nilimwambia. Akajibu, "Mulamwa, mahindi hayaangaliangi mstari." Mtu huyu tangu ujana wake hajawahi kukosa jibu, ila sijawahi kuona jibu lake likifanya kazi.

Jumanne, 11 Machi

Leo limetokea jambo.

Mitchel aligundua kwamba akinigusa sehemu fulani ya kigutu nasikia gumba, na akigusa nyingine nasikia kidole cha pete. Akatia nukta tano za wino wa buluu, kila nukta na kidole chake. Kisha miwani, kisha brashi. Alipogusa nukta ya kwanza nikaona brashi inapita juu ya gumba, na nikaisikia juu ya gumba. Gumba lenyewe, lililozikwa. Nililia ndani ya miwani, na humo machozi hayana pa kwenda.

Halafu akaniletea picha ya bonge la barafu, akaliweka kwenye kiganja. Baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Nilipovua miwani nilimkuta ameshika kijiko cha chai.

"Hiki kijiko hakina baridi yoyote," akasema.

"Basi nimedanganywa."

"Unadanganyika vizuri sana, mama," akasema, na alikuwa ananisifu.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Ilianza saa tisa alasiri, nzito, na mabati yakapiga kelele hadi nikashindwa kusikia redio. Nilikuwa jikoni napukuchua maharagwe kwa mkono mmoja na meno. Kigutu kilikuwa kikavu chini ya leso. Baada ya muda nikasikia mkono wa kulia unalowa. Kwanza mgongo wa kiganja, tone moja moja, kisha maji yakapenya katikati ya vidole vilivyokunjwa. Nilifungua leso nikaangalia. Kigutu kilikuwa kikavu kabisa. Maji yaliendelea hadi mvua ilipokatika, na baada ya hapo palibaki ubaridi wa udongo, ule unaousikia ukichomeka mkono kwenye shimo la viazi.

Jumanne, 18 Machi

Nilimweleza Mitchel kuhusu mvua. Hakushtuka. Alisema nilisikia kelele juu ya bati, nikajua mkono uko nje ardhini, ubongo ukamalizia wenyewe. Akanionyesha jinsi udanganyifu wenyewe ulivyo dhaifu: aliichelewesha brashi ndani ya picha nusu sekunde tu, na papo hapo mkono ukawa wa karani tena. Sikuusikia hata kidogo. "Unaona? Ukivunja wakati, kila kitu kinavunjika."

Nilifarijika. Nikaenda sokoni nikanunua dagaa wa omena.

Jumatatu, 24 Machi

Tumepanda mahindi. Willis anachimba mashimo, mimi natupa mbegu kwa kushoto na kufukia kwa mguu. Tukipumzika nikamwambia anionyeshe hasa ni wapi alipouzika mkono, niweke hata jiwe. Akaelekeza kidevu. "Pale kwa migomba." Migomba yetu ni ishirini na mmoja. Nikamuuliza mgomba upi. Akasema jembe limelegea mpini, akaenda kutafuta jiwe la kuligongea.

Jumanne, 25 Machi

Gumba limefunguka. Mitchel alinifungulia lile la kwenye picha taratibu, brashi ikilisindikiza, na langu likafuata. Ile kucha ya gumba sasa hainichomi.

Jumapili, 6 Aprili

Wendy amefunga shule. Yuko kidato cha tatu, amerefuka, anakula obusuma, ugali wa watu wawili. Ndiye mtoto pekee aliyetubakia mimi na Cornelius. Mvua kila alasiri, na kila alasiri mkono unalowa. Nimezoea. Mtu huzoea hata bati linalovuja.

Jumanne, 8 Aprili

Vidole vitatu vimefunguka: gumba, cha shahada, cha kati. Usiku wa kuamkia leo nililala saa nne nzima. Vimebaki viwili, cha pete na cha mwisho. Mitchel alijaribu kwa dakika arobaini. Kwenye picha vinafunguka, vyangu havitikisiki. Alipomaliza nilikuwa nimelowa jasho.

"Hivi viwili vina ukaidi," akasema.

Nilikuwa nimevitambua.

Jumatano, 9 Aprili

Niliandike hili mara moja nisilirudie.

Cornelius hakuwa mtu wa kunishika mkono kama watu wa harusini. Alikuwa anashika vidole viwili tu, cha pete na cha mwisho, kwa mkono wake wenye gumba lililopinda na kovu refu la panga. Kama tunavuka barabara alivishika, kama tunatoka kanisani alivishika, hata uzeeni. Nilikuwa nikimtania kwamba hivyo viwili ndivyo alivyolipia mahari, vingine vitatu bado ni vya baba yangu.

Siku aliyofariki alikuwa amevishika kitandani tangu asubuhi. Alisema, "Jescah, leo usiende." Nami nilikuwa na zamu, juisi ilikuwa tayari iko kwenye karai, na ukiiacha inaungua. Nikamwambia narudi sasa hivi. Hakuachia. Nikavichomoa, kimoja, kisha cha pili. Nikaenda. Niliporudi saa kumi nyumba ilikuwa imejaa watu.

Sukari ilitoka nzuri sana siku hiyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui niandike vipi. Nilikaa mlangoni saa nne asubuhi, nikawa natazama kuku wakichakura kwenye kaburi la Cornelius. Bado halijasakafiwa, udongo wake ni laini na una wadudu. Jogoo mwekundu alinyanyua mguu, akachakura. Nikasikia kucha zake juu ya mgongo wa kiganja changu. Akachakura tena. Nikasikia tena, pale pale, wakati ule ule. Mara saba. Hakukuwa na nusu sekunde katikati.

Nilimtupia kuni. Alipokimbia mchakuro ukakoma.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikumbuka maneno ya Mitchel: macho na ngozi pamoja. Basi niyaondoe macho nione kinachobaki. Nilimpa Wendy saa yake, karatasi na mtungi wa maji. Nikamwambia mimi nitakaa jikoni na mlango umefungwa, yeye amwage maji kwa migomba wakati wowote anaotaka, kisha kwenye kaburi la baba wakati wowote anaotaka, na aandike saa. Mimi nami ningeandika saa ya simu yangu kila nikisikia kitu. Hakuniuliza kwa nini. Alinitazama tu vile wanavyomtazama mgonjwa.

Kwenye karatasi yake: migomba, saa nne na dakika kumi. Kaburi, saa nne na dakika thelathini na mbili.

Kwenye karatasi yangu palikuwa na mstari mmoja. Saa nne na dakika thelathini na mbili, baridi, kuanzia kifundoni.

"Mama, umechungulia," akasema Wendy.

Sikuchungulia. Jikoni kwetu hakuna dirisha.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nilimngoja Willis atoke kanisani, tawi lake bado mkononi, nikamsimamisha njiani.

"Mkono wangu uliuweka kwa Cornelius."

Akalishusha tawi. Kisha akasema, "Nani amekuambia?"

"Kuku."

Akaketi chini, pale pale kando ya njia, na suti yake. Willis hakosi jibu, na leo lilikuwa refu. Alisema siku ile alitoka hospitalini na mfuko, akachukua jembe, akafika kwa migomba, akashindwa. Kwao, tangu babu yao, hakuna anayemchimbia shimo mtu ambaye bado anakula. Shimo likishachimbwa kwa jina lako, linakungoja. "Na wewe ulikuwa bado hujaamka, mulamwa. Daktari alisema damu imepotea nyingi. Ningekuchimbia shimo, ningekuwa namwita nani aje?" Kutupa hakuweza. Kuacha mbwa wapate hakuweza. Akaona shimo lililo tayari, lenye mwenyewe, na udongo bado laini. Akafukua mpaka kwenye jeneza, akauweka juu yake, upande wa mkono wake wa kulia.

"Nilijua kwa ndugu yangu utakuwa salama."

Nilitaka kumtukana na nilikuwa na matusi ya kutosha. Lakini alikuwa analia, mtu mzima na tawi mkononi, na alichokifanya alikifanya ili nisife. Miaka ishirini nimemhesabu kuwa mzembe. Nikamnyanyua tukaenda kunywa chai.

Jumanne, 15 Aprili

Sikumwambia Mitchel. Ningemwambia nini? Yeye alikuwa na hamu ya jambo jipya: leo tunaurefusha mkono. Alisema ubongo hukubali hata mkono mrefu kuliko mwili, mradi macho na mguso viende pamoja. Ndani ya miwani mkono wangu ukaanza kurefuka juu ya meza, polepole, na brashi ikiusindikiza. Ukafika ukingoni mwa meza. Ukavuka chumba. Ukafika dirishani na bado nilikuwa nasikia brashi kwenye ncha ya kidole cha kati, mbali, mbali kabisa.

"Basi, Mitchel. Inatosha."

"Nimeacha, mama. Nimeacha zamani."

Nikavua miwani. Mkono ulikuwa bado mrefu. Alisema utarudi baada ya dakika chache. Nilipanda pikipiki ya Willis, na hapa ndipo sijui anayesoma atanichukuliaje: kadiri tulivyokaribia Iguhu ndivyo mkono ulivyozidi kufupika. Kwenye lango ulikuwa hatua ishirini. Nikasimama kando ya kaburi ukawa mkono wa kawaida, urefu wake sawa sawa, umening'inia kuelekea chini.

Alhamisi, 17 Aprili

Nikienda mtoni unarefuka. Nikirudi unafupika.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Willis alituletea ingokho, kuku wa sikukuu. Sikwenda kanisani, kanisa liko mbali.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikwenda mjini kwa shida, mkono ukivutika njia nzima. Ndani ya miwani, mkono juu ya meza, vidole vitatu vimefunguka na viwili vimekunjwa. Mitchel alikuwa bado anatafuta brashi yake, nilimsikia akifungua droo. Hakuna aliyekuwa ananigusa. Nikasikia vidole vyangu viwili vya mwisho vinashikwa.

Vilishikwa kwa upole. Nilijua gumba lile lilivyopinda.

Mitchel alirudi akaniuliza kwa nini natabasamu.

Jumapili, 27 Aprili

Wendy anarudi shule kesho. Leo alinikuta nimeketi kwenye kiti kando ya kaburi, akasimama nyuma yangu kwa muda. "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na baba yako, kuna ubaya? Akasema hapana. Kisha akasema, "Na anakujibu?" Nilimtuma achukue nguo kwenye kamba.

Jumanne, 29 Aprili

Sikwenda mjini. Mitchel alipiga simu mara tatu.

Ijumaa, 2 Mei

Mahindi yamefika magotini na magugu yamefika hapo hapo. Sijapalilia. Kwa nini nipalilie, shamba liko upande wa pili wa boma na mkono unarefuka.

Niseme ukweli: nina raha. Kucha hazichomi tena. Nikikaa pale nashikwa, na sijashikwa hivi tangu Desemba. Kilichobaki ni baridi tu. Mwanzoni ilikuwa inaishia kifundoni, sasa imepita kiwiko.

Jumanne, 6 Mei

Baridi begani. Leo alivuta. Hakutumia nguvu, alivuta vile alivyokuwa akifanya tukitoka kanisani na mimi bado napiga domo na akina mama. Twende basi. Nikajikuta nimepiga magoti.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeamka na homa na upande wa kulia wa shingo umekuwa baridi. Willis alikuja kupalilia, nilimsikia tangu alfajiri, mistari yake imepinda ile ile. Alipomaliza akaja kuketi mlangoni.

"Mulamwa, Wendy ana mzazi mmoja," akasema.

"Najua hesabu, Willis."

"Unaijua. Lakini unaendanga upande ule kila siku, na kila siku unarudi ukiwa umepungua. Mimi ndiye niliyeuweka mkono pale. Nikikuzika wewe nitajua ni mimi niliyekupeleka."

Niliogopa. Tangu yote haya yaanze sikuwa nimeogopa, na leo niliogopa sana. Nikamwambia achimbe, autoe. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Kaburi nilishalifungua mara moja. Nikilifungua tena, litazoea."

Jumanne, 13 Mei

Mitchel amekuja mwenyewe, na viatu vyake vyeupe ndani ya matope yetu. Alinikuta chini ya mablanketi mawili saa sita mchana. Nilimweleza yote, kuku, mtungi, urefu, gumba. Willis akaongeza ya kwake. Nilidhani atacheka, au ataandika. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mimi nilijifunza mashine," akasema. "Hayo mengine sijui. Lakini najua jambo moja. Macho na ngozi ndivyo vilivyoufunga mkono huu kule, na nikivipata vyote viwili hapa, labda tutaufungua." Ana glavu yenye nyaya, mtu akiivaa, mkono wake nao unaonekana ndani ya miwani. Anataka Willis aivae. Anishike zile nukta mbili, ya kidole cha pete na ya kidole cha mwisho, nami nione mkono ukinishika. Kisha aachie, kimoja kimoja, nami nione ukiachia.

"Kwa nini mimi?" Willis akauliza.

"Nyinyi ni ndugu. Mikono yenu ilikuwa inafanana?"

Willis aliutazama mkono wake. "Wa kwangu hauna kovu," akasema.

Jumanne, 20 Mei

Ninaandika jioni hii hii kwa sababu nataka ibaki ilivyokuwa.

Tulikaa kando ya kaburi saa tatu asubuhi, kabla ya mvua. Mimi kwenye kiti, Willis kwenye kigoda upande wangu wa kulia na ile glavu, Mitchel na kompyuta juu ya meza ya kahawa, na simu yake ameisimamisha kwenye kikombe ituchukue video. Jirani mmoja alipita akasalimia, akaona miwani, akaongeza mwendo.

Nikauona mkono wangu juu ya meza ya picha, vidole viwili vimekunjwa. Kisha mkono mwingine ukaja kutoka upande na kuvishika, na papo hapo nikasikia kushikwa. Macho na ngozi, pamoja. Nilijua ni Willis. Nilijitahidi kukumbuka kwamba ni Willis. Lakini mkono ule ulikuwa mpana, gumba limepinda, na nilipoinamisha uso nikaona mpaka kovu la panga. Nikawaza, mashine hii imepata wapi kovu.

Mitchel alikuwa amenifundisha cha kusema: fungua, fungua, fungua. Sikusema hivyo.

Nilisema, "Cornel, siku ile sukari ilikuwa motoni nikaiona kubwa kuliko wewe. Ulinishika na mimi nikavichomoa. Nilifanya vibaya. Nilijua ninafanya vibaya na nikaenda."

Mkono haukutikisika. Baridi ikaniingia kifuani. Mahali fulani nikasikia kigoda kikisogea.

"Sivichomoi tena," nikasema. "Safari hii uachie wewe. Wendy anafunga shule Agosti na atabisha mlango. Ni nani atamfungulia?"

Tulikaa hivyo. Sijui muda gani. Jogoo aliwika, na mbali nikasikia ngurumo. Mkono ule ulinishika na mimi nikauacha unishike, sikuvuta, sikusukuma. Mwisho wake kidole cha mwisho kikaachiwa. Niliona gumba likinyanyuka na nikasikia likinyanyuka. Kisha palikuwa na kituo kirefu, na kidole cha pete nacho kikaachiwa. Mkono ukarudi nyuma, ukatoka kwenye picha upande ule ule ulioingilia.

Vidole vyangu vitano vilikuwa vimelala juu ya meza, vimefunguka.

Jumatano, 21 Mei

Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Wendy hayupo, hakuna aliyeniamsha.

Ijumaa, 23 Mei

Daktari ameangalia kigutu, akauliza maswali yake, akafuta jina langu kwenye orodha ya kukatwa. Bega lina joto. Nimeongeza chumvi kwenye mboga mara mbili bila kujua. Willis amekula akanyamaza, na huo ni ukarimu.

Jumamosi, 24 Mei

Mitchel amekuja na kompyuta. Sikumwita. Alikunywa chai nusu kikombe, akamtuma Willis dukani, kisha akasema kuna kitu anataka nikione.

Ilikuwa video ya simu yake. Mimi niko kwenye kiti na miwani. Willis amenishika kigutu. Nasikika nikisema, "Cornel, siku ile sukari ilikuwa motoni." Na nikifika tu kwenye "nikaenda", Willis anaachia. Anaondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto, anaiweka glavu juu ya goti, anasogeza kigoda nyuma, na anafunika uso kwa mkono wa pili. Kigutu changu kiko hewani. Hakuna anayenigusa. Mitchel yuko kwenye kompyuta yake, haoni.

Mimi ninaendelea kuongea. Kisha ninanyamaza. Saa iliyoko pembeni ya video inahesabu. Dakika nne na sekunde kumi na tisa nimekaa na kigutu hewani, kimetulia, hakining'inii, kama kitu kilichoegemezwa juu ya kingine. Kisha ninashusha pumzi.

"Nilimuuliza Willis," Mitchel akasema. "Anasema alisikia kigutu kimekuwa baridi ghafla akaogopa."

"Lakini mimi niliuona mkono. Mpaka mwisho niliuona ukiachia."

Akafungua kitu kingine, picha yenyewe, ile niliyokuwa naiona ndani ya miwani, mashine huihifadhi. Meza. Mkono wangu. Mkono wa glavu unaingia, unashika vidole viwili. Ni mkono wa kijivu, hauna kucha, hauna mikunjo, gumba limenyooka. Unakaa sekunde chache, unatoka. Baada ya hapo kuna meza tupu na mkono wangu peke yake. Tulitazama hadi mwisho. Kwenye dakika ya nne, kidole cha mwisho kinafunguka chenyewe. Kisha cha pete.

"Mama Wendy," Mitchel akasema, "wewe ulikuwa unaona nini?"

Nilimwambia chai yake inapoa. Alipoondoka alizifunga nyaya zote vizuri, akaniacha na daftari hili.

Jumamosi, 31 Mei

Mahindi yamenipita kimo. Tunasakafia kaburi wiki ijayo, Willis ameshaleta mchanga.

Leo mvua ilinyesha kuanzia saa nane, ile nzito ya kufunga mwezi. Nilizima redio. Niliketi jikoni nikafungua leso, nikaweka kigutu juu ya goti na kungoja. Ilinyesha kwa saa mbili na nusu. Mkono haukulowa hata tone.

Ilipokaribia kukatika nikatoka nje, nikasimama kando ya kaburi, nikakinyoosha kigutu mvuani mpaka kikalowa.